Protokole gani kwa faili za nyumba moja?

Mwaka jana orodha ya watoto ambao kanisa letu linawalipia masomo iliharibika nyumbani mwetu. Hakuna aliyeiiba. Mimi niliandika kwenye kompyuta yangu, mama watoto akaongeza kwenye yake, flashi ikatembea kati yetu, na nakala ya zamani ikafuta ile mpya. Siku ya kulipa, majina 11 hayakuwamo. Tulipita mlango kwa mlango kuwaomba wazazi msamaha.

Ndipo tukaunganisha mashine zetu kwa ruta ndogo. Wengi wanafikiri hiyo inadai kununua intaneti. Hapana. Ruta inaunganisha kompyuta na simu za nyumba moja hata kama hamna mega hata moja. Inabaki kuchagua protokole.

Neno hilo tunalijua kanisani: ni wale wanaopokea wageni mlangoni na kuwaonyesha kiti. Katika kompyuta kazi yake haiko mbali: ni mapatano ya namna mashine moja inavyobisha kwa nyingine, inavyojitambulisha na inavyoruhusiwa kugusa nini.

Sisi tulichagua SMB. Iko ndani ya Windows tayari, Linux inaisema kwa programu ya Samba, na kompyuta za Apple zinaitanguliza tangu 2013. Lakini sababu yetu kubwa ni kwamba inajua kufunga faili. Mama watoto akiwa amefungua orodha, mimi nikiifungua naambiwa kwamba inatumiwa. Naweza kuisoma tu, mpaka amalize. Hicho ndicho tulichokosa siku zile za flashi.

FTP, iliyoanza mwaka 1971, haifanyi hivyo. Unachukua nakala, unaibadilisha, unairudisha, na anayerudisha wa mwisho anafuta kazi ya mwenzake. Ni flashi ile ile, ila miguu imepumzika! Tena neno la siri linapita wazi njiani. SFTP, ingawa jina linafanana, ni kitu kingine: inapita ndani ya SSH na kuficha kila kitu. Ni nzuri kwa kutoa video za kwaya kwenye simu, lakini si kwa orodha inayoandikwa na watu wawili.

Kuna pia NFS, ya kampuni Sun, ya mwaka 1984. Wenye mashine za Linux tupu wanaipenda, na ni nyepesi. Ila toleo lake la 3, kwa kawaida, haliombi neno la siri. Linaamini anwani ya mashine na namba ya mtumiaji inayotajwa. Kwetu huku, ambako jirani akiomba Wi-Fi hanyimwi, sikuthubutu.

SMB nayo ina toleo la kukataa: la 1. Mwezi wa tano 2017 virusi ya WannaCry ilienea kupitia kasoro ya toleo hilo katika Windows, hata hospitali za Uingereza zikakwama. Fotokopi za zamani bado zinaliomba. Usikubali kwa ajili ya mashine moja. Katika Windows, tafuta mahali pa kuwasha na kuzima vipengele, uondoe alama kwenye SMB 1.0. Toleo la 3, lililokuja na Windows 8 mwaka 2012, linaweza hata kuficha yanayopita.

Halafu msifungue folda kwa watu wote. Kila mmoja awe na jina lake na neno lake la siri. Watoto wetu wanasoma tu, hawaandiki.

Umeme ukikatika katikati ya kuandika, hakuna protokole itakayokuokoa. Kila Jumamosi tunanakili folda kwenye diski ya nje, kisha tunaichomoa na kuifungia kabatini. Ikibaki imechomekwa, virusi itakayoingia kwenye folda itaifikia nayo pia.