Sigara Ndani ya Hoteli: Je, Biashara Zetu Zinatii Sheria?



Siku moja ya soko nilikitembelea kikundi cha akina mama chenye hoteli ndogo ya chai. Ni chumba kimoja cha mabati, mabenchi manne, dirisha moja, na jiko liko nyuma ya pazia. Ukutani kuna karatasi iliyoandikwa vizuri kwa kalamu nyekundu: HAKUNA KUVUTA SIGARA. Na chini ya karatasi hiyo alikuwa ameketi mzee mmoja wa heshima, anavuta sigara yake pole pole, huku majivu akiyadondosha ndani ya kopo kuu kuu la maziwa ya unga. Msichana anayehudumu alikuwa akipita na vikombe, mtoto wake amefungwa mgongoni.

Nilimwuliza mweka hazina, "Mama, hilo tangazo ni la nani?" Akacheka. Akasema, "Hilo ni la bwana afya. Huyu mzee naye ni wetu. Kila siku ya soko hununulia wenzake watano chai na maandazi. Tukimwambia atoke, tutamwuzia nani?"

Nikauliza tena, "Na hilo kopo, nani aliliweka mezani?" Hapo wote wakanyamaza.

Swali hilo la kopo ndilo linalonifanya niandike leo. Vikundi vyetu vingi vina biashara: hoteli, duka, kinyozi, posho mill, ukumbi wa kukodisha, hata matatu. Tukizungumza juu ya "wenye biashara wasiotii sheria" tunadhani ni watu wengine wa mjini. Kumbe ni sisi pia.

SHERIA INASEMA NINI

Bunge la Kenya lilipitisha Sheria ya Kudhibiti Tumbaku mwaka 2007, nayo ikaanza kutumika Julai 2008. Kwa lugha rahisi, sheria hii inakataza mtu kuvuta sigara mahali pa watu wote. Mahali hapo ni pamoja na maofisi, viwanda, hospitali, shule, nyumba za ibada, mahoteli na sehemu za kula, mabaa, masoko, na magari ya abiria. Hata nyumba ambamo watoto wanalelewa imetajwa.

Anayevuta mahali palipokatazwa anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 50,000, au kufungwa jela kwa muda usiozidi miezi sita, au yote mawili. Lakini wengi hawajui kwamba mzigo si wa mvutaji peke yake. Mwenye mahali au meneja naye ana wajibu. Ni lazima abandike tangazo linaloonekana wazi, na asiruhusu watu kuvuta ndani. Akitaka wavutaji wawe na mahali pao, sheria inamruhusu kutenga sehemu maalum, iliyo mbali na wasiovuta na yenye kupitisha hewa vizuri. Kona ya chumba kile kile si sehemu maalum. Pazia pia halitoshi.

Sheria hiyo hiyo inakataza kumwuzia sigara mtoto wa chini ya miaka 18, na inakataza kuuza sigara moja moja. Basi ile njia ya kufungua pakiti kwenye kaunta, na kiberiti kimefungwa kwa kamba pale mlangoni ili mteja awashe, ni makosa. Tena ni mwaliko. Unamwuzia mtu sigara moja, unamwashia moto, kisha unamwonyesha tangazo la kukataza?

KWA NINI MOSHI WA MWENZAKO UKUHUSU

Wengine husema, "Kila mtu na pafu lake." Ingekuwa hivyo, nisingeandika. Moshi wa sigara una kemikali elfu kadhaa, na makumi kati ya hizo zinajulikana kuleta kansa. Moshi unaotoka kwenye ncha inayowaka, na ule anaoutoa mvutaji mdomoni, unaingia kwa kila aliye chumbani. Asiyevuta anaweza kupata ugonjwa wa moyo na kansa ya mapafu kwa sababu ya moshi wa wengine. Watoto wako hatarini zaidi kwa sababu mapafu yao bado yanakua: wanapata pumu, kichomi na maumivu ya masikio. Shirika la Afya Duniani linahesabu kwamba zaidi ya watu milioni moja wasiovuta hufa kila mwaka duniani kwa moshi wa wengine.

"Tufungue dirisha basi," mtu atasema. Dirisha linapunguza harufu, halimalizi sumu. Wataalamu wamekubaliana kwamba hakuna kiasi cha moshi huu ambacho ni salama, na kwamba kupitisha hewa peke yake hakutoshi. Chembe zake ni ndogo mno, nazo hubaki hewani hata baada ya sigara kuzimwa.

Sasa fikiria ni nani anayekaa muda mrefu zaidi ndani ya ile hoteli. Mzee anakunywa chai nusu saa na kwenda zake. Msichana anayehudumu anaingia saa kumi na mbili asubuhi na kutoka jioni, siku sita kwa wiki. Hakuchagua sigara hiyo. Alichagua kazi.

MAHALI SHERIA INAPOSHIKA, NA MAHALI INAPOLEGEA

Tuseme ukweli, mengi yamebadilika. Wenye umri wangu wanakumbuka matatu za zamani, kondakta ananing'inia mlangoni na sigara kinywani, na abiria wa kiti cha nyuma anavuta bila wasiwasi. Leo abiria akiwasha sigara ndani ya matatu, gari zima litapiga kelele. Maofisini na kwenye mabenki pia ni vigumu kumwona mtu akivuta.

Lakini ingia baa jioni. Utafiti wa kitaifa juu ya tumbaku uliofanywa Kenya mwaka 2014 ulionyesha tofauti hiyo wazi. Kati ya wanaofanya kazi ndani ya majengo, waliokutana na moshi kazini walikuwa chini ya mmoja kati ya watano. Lakini kati ya waliokwenda baa au klabu za usiku, waliokutana na moshi walikuwa zaidi ya wanane kati ya kumi. Nchi ni moja, sheria ni moja, na ilikuwa tayari na umri wa miaka sita.

Kwa nini? Si kwamba polisi wako matatuni na hawako baa. Ninavyoona, ni kwa sababu matatuni abiria wenyewe wamekuwa walinzi. Mama mwenye mtoto haogopi kusema, na anajua wengine watamwunga mkono. Baa mambo ni kinyume. Anayelalamika anaonekana mshamba, mhudumu anaogopa kukosa bakshishi, na mwenye baa anamwogopa mteja. Basi kila mtu ananyamaza, na sheria inabaki ukutani.

Hata mimi nimenyamaza. Mwaka mmoja nilikuwa kwenye semina katika hoteli moja kubwa. Wakati wa chakula jamaa wawili wa meza ya pili wakawasha sigara. Meneja alipita, akaona, akaendelea na safari yake. Nilikuwa na barua ya semina mkononi inayozungumza juu ya afya ya jamii. Sikusema neno. Niliogopa kuonekana msumbufu.

VISINGIZIO VYA WENYE BIASHARA

Nikiwauliza wenye biashara, majibu huwa ni haya:

1. "Wateja watakimbia." Hebu tuhesabu. Utafiti ule wa 2014 ulikuta kwamba watu wazima wanaotumia tumbaku Kenya ni asilimia 11.6: wanaume asilimia 19.1 na wanawake asilimia 4.5. Maana yake, kati ya watu kumi karibu tisa hawatumii. Tunamhesabu mvutaji mmoja anayekaa. Hatuwahesabu wale mama wenye watoto wanaochungulia mlangoni, wanasikia harufu, kisha wanapita.

2. "Bwana afya haji." Ni kweli maofisa wa afya ya umma ni wachache na eneo ni kubwa. Lakini je, tunapika kwa maji safi kwa sababu bwana afya yuko jikoni? Tunafanya hivyo kwa sababu tunajua mteja ataugua.

3. "Nimebandika tangazo, nimemaliza." Tangazo ni mwanzo tu. Ukiweka tangazo na kopo la majivu pamoja, mteja atalisoma kopo.

4. "Jirani yangu anaruhusu." Hiki ndicho kisingizio chenye uzito. Mmoja akitii peke yake, anaogopa kwamba mteja atahamia mlango wa pili. Wote wakitii, mteja hana pa kukimbilia isipokuwa nje penye hewa.

Nchi nyingine zimepita njia hii. Ireland ilikataza sigara katika sehemu zote za kazi, pamoja na mabaa, Machi 2004, ikawa nchi ya kwanza duniani kufanya hivyo nchi nzima. Watu walitabiri fujo, kwa kuwa Waireland wanapenda baa zao sana. Lakini sheria ilishika. Wavutaji walitoka nje, na wahudumu wa baa waliopimwa baadaye walikutwa wanapumua vizuri zaidi kuliko mwanzo. Huko Scotland sheria ilianza Machi 2006. Hospitali zilizochunguzwa zilipokea wagonjwa wa shambulio la moyo wapungufu kwa asilimia 17 katika mwaka uliofuata. Wahenga walisema, ukiona vyaelea vimeundwa. Sheria ilishika huko kwa sababu ilihusu kila mlango siku ile ile, na watu walielezwa mapema.

KIKUNDI CHENU KINAWEZA KUFANYA NINI

Msianze na kulaumu. Anzeni na kuona. Chagueni wanachama wanne, waende wawili wawili, watembelee biashara kumi za soko lenu. Waende mara mbili: asubuhi, na tena wakati wa watu wengi, kwa maana baa ya saa nne asubuhi haitawaambia ukweli. Katika kila mahali waangalie mambo haya:

– Je, kuna mtu anayevuta ndani?
– Je, kuna kopo au kisahani cha majivu?
– Je, kuna vipande vya sigara sakafuni? (Hivi husema ukweli hata kama hakuna anayevuta saa hiyo.)
– Je, tangazo lipo, na linasomeka?
– Mtu akiwasha, mhudumu anafanya nini?

Andikeni hesabu tu, bila majina ya watu. Msigombane na mlevi. Mkimaliza, mtajua: kati ya kumi, ngapi zinatii kweli, ngapi zina tangazo tupu, na ngapi hazina lolote.

Kisha waiteni wenye biashara wote pamoja, sio mmoja mmoja. Wasomeeni hesabu. Waombeni wakubaliane siku moja ya kuanza. Mwalikeni bwana afya aje kueleza sheria kabla ya kuja kukamata. Baada ya mwezi mmoja rudini mkahesabu tena. Kama kuna anayekataa kabisa, hapo ndipo mpeleke jambo kwa ofisa wa afya au chifu.

Na jambo la kwanza kabisa: safisheni biashara yenu. Ondoeni kopo.

ILE HOTELI YA AKINA MAMA

Nilirudi baada ya wiki sita. Kikundi kilikuwa kimebishana sana. Wengine walisema tumheshimu mzee, wengine wakasema tumheshimu mtoto aliye mgongoni. Mwishowe mwenyekiti alikwenda nyumbani kwa mzee jioni, akakaa, akamweleza kwa adabu. Mzee akamjibu, "Mama, miaka yote hii mlikuwa mkiniwekea kopo. Nilidhani mmekubali."

Sasa liko benchi nje chini ya mti, mbali na mlango, na kopo liko huko. Mzee bado anakuja. Anavuta nje, anaingia kunywa chai. Sitawadanganya kwamba hakuna hasara: vijana wawili walihamia kibanda cha jirani, ambako bado wanavuta ndani. Mweka hazina alinionyesha pengo hilo kwenye daftari lake. Ndiyo sababu kikundi kimeanza kuzungumza na mwenye kibanda kile, na wengine wa soko lote.

Msichana nilimwuliza kama ameona tofauti. Akasema nguo zake hazinuki tena anapolala na mtoto.

Imani yetu inatufundisha kumpenda jirani. Mara nyingi tunamtafuta jirani huyo mbali, kumbe ndiye anayetuletea chai.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA KIKUNDI

1. Biashara ya kikundi chetu ina kopo la majivu? Nani aliliweka?
2. Katika soko letu, ni nani anayekaa muda mrefu zaidi ndani ya moshi? Tumewahi kumwuliza maoni yake?
3. Kwa nini tunathubutu kusema ndani ya matatu lakini tunanyamaza hotelini?
4. Tutamwelezaje mzee au mteja wetu bila kumvunjia heshima? Nani anafaa kwenda?
5. Tutaanza hesabu yetu siku gani?