Kompyuta ya Nyumbani kwa Bajeti Ndogo: Kazi Kwanza, Bei Baadaye

Shughuli nyingi ambazo zamani zilimalizwa kwa kalamu na karatasi mbele ya dirisha la ofisi sasa huanzia mtandaoni. Mwombaji wa kazi serikalini hujisajili katika mfumo wa Ajira Portal; mfanyabiashara huomba leseni kupitia mfumo wa TAUSI; mhitimu wa kidato cha sita hujaza fomu za Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu; na vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu huomba mikopo ya asilimia 10 ya Halmashauri kwa njia hiyo hiyo. Haishangazi, basi, kwamba kaya zenye kipato cha kawaida nazo zimeanza kuweka akiba ya kununua kompyuta. Akiba hiyo aghalabu hutokana na mavuno ya msimu mmoja au mgawo wa kikoba. Ikitumika vibaya, kuipata tena huchukua mwaka mzima au zaidi.

Kosa linalojirudia ni kuanza na bei. Mnunuzi huingia dukani, huuliza kompyuta ya bei ya chini kuliko zote, hulipa na kuondoka. Baada ya miezi michache hugundua kuwa mashine ni nzito kufunguka, haipokei programu mpya, au haiwezi kuwaka umeme unapokatika. Ni salama zaidi kuanza na maswali matatu: kompyuta itafanya kazi gani, nyumba ina umeme wa namna gani, na mashine itakaa mahali pamoja au itahamishwa?

Aina za vifaa na kazi zake

Simu janja hutosha kwa kusoma matangazo, kutazama matokeo ya mitihani, kupata namba ya malipo na kuwasiliana. Kaya ambayo mahitaji yake yanaishia hapo haina sababu ya kununua kompyuta.

Kishikwambi kilizoeleka nchini kupitia Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022, makarani walipokitumia kukusanya taarifa. Hufaa kwa kusoma vitabu, kutazama masomo ya video na kujaza fomu fupi. Hata hivyo, kuandika barua ndefu au kupanga hesabu za kikundi kwa kugusa kioo huchosha, na kikivunjika kioo matengenezo yake huweza kukaribia bei ya kifaa chenyewe.

Kompyuta mpakato hubeba kila kitu kwa pamoja: kioo, kibodi, betri na kamera. Humfaa mwanafunzi wa chuo anayesafiri, katibu wa kikundi anayehudhuria vikao, na nyumba ambayo umeme wake hukatika mara kwa mara. Udhaifu wake ni kwamba ni rahisi kuanguka na kuibwa, na betri yake huchoka kadiri miaka inavyopita.

Kompyuta ya mezani hukaa mahali pamoja. Kwa kiasi kilekile cha fedha, mnunuzi kwa kawaida hupata mashine yenye nguvu zaidi kuliko mpakato. Sehemu zake hubadilishwa moja moja: kibodi ikiharibika hununuliwa kibodi, si kompyuta nzima. Humfaa mwenye steshenari, familia yenye watoto kadhaa wanaojifunza kwa zamu, na ofisi ndogo. Mnunuzi aulize mapema kama bei inahusu kasha pekee, ambalo wengi huliita CPU, au inajumuisha kioo, kibodi, kipanya na nyaya zote.

Hesabu ya umeme

Gharama ya kompyuta haiishii dukani. Kompyuta ya mezani pamoja na kioo chake ikitumia wati 100 kwa saa 5 kila siku, hutumia nusu uniti kwa siku, yaani uniti 15 kwa siku 30. Mpakato inayotumia wati 40 kwa muda uleule hutumia uniti 6. Tofauti hii ina uzito kwa kaya iliyo katika kundi la D1, ambalo hupata bei nafuu ya umeme kwa sharti la kutozidi wastani wa uniti 75 kwa mwezi. Uniti 15 ni sehemu ya tano ya kiwango hicho. Kaya iliyokaribia ukomo inaweza kujikuta imehamia kundi la bei ya juu kwa sababu ya kifaa kimoja.

Umeme ukikatika ghafla, kompyuta ya mezani huzimika papo hapo, na kazi ambayo haijahifadhiwa hupotea. Atakayeinunua hana budi kuongeza kifaa cha UPS, ambacho hushikilia umeme kwa dakika chache ili mtumiaji ahifadhi kazi na kuzima mashine kwa utaratibu. Nyumba inayotegemea umeme wa jua yenye paneli ndogo itafaidika zaidi na mpakato, kwani betri yake hujazwa mchana na kutumika jioni.

Mpya au iliyotumika?

Wengi huamini kuwa kitu kipya ni bora daima. Kwa kompyuta za bei ya chini, imani hiyo hupotosha. Mpakato mpya za bei ya chini kabisa mara nyingi huwa na kumbukumbu ya muda, ambayo wauzaji huiita RAM, ya GB 4, na hifadhi ya GB 64 iliyogandishwa kwenye bodi kuu bila nafasi ya kuongeza. Viwango hivyo ndivyo vya chini kabisa vinavyohitajika na Windows 11. Mashine ya namna hiyo huanza kazi ikiwa tayari imefika ukingoni.

Kompyuta iliyotumika ofisini na kuuzwa tena huweza kuwa na RAM ya GB 8, diski ya SSD ya GB 256, na nafasi ya kuongeza vyote viwili. Kwa kazi za kuandika, kukokotoa, kusoma na kuwasilisha maombi mtandaoni, GB 8 na SSD ni kiwango cha kutosha. Diski za kizamani zinazozunguka ni za polepole zaidi. Kuibadilisha kwa SSD ndiko matengenezo yanayoleta nafuu kubwa kwa gharama ndogo.

Tahadhari kubwa kwa mashine zilizotumika ni umri wa prosesa. Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilikomesha msaada wa kawaida kwa Windows 10. Windows 11 nayo, kwa prosesa za Intel, huhitaji kwa jumla kizazi cha nane na kuendelea, pamoja na kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0. Kizazi husomwa kwenye jina la prosesa: i5-8500 ni kizazi cha nane, ilhali i5-6500 ni cha sita. Muuzaji anayeisifu mashine kwa kusema ni «Core i5» bila kutaja tarakimu zinazofuata hajasema jambo la maana.

Mashine ya kizazi cha nyuma haipaswi kutupwa. Inaweza kuwekewa mfumo wa Linux, kama Ubuntu au Linux Mint, ambao hautozwi ada, pamoja na LibreOffice kwa kuandika na kukokotoa. Ikiwa bei ni ndogo na mtumiaji yuko tayari kujifunza, huo ni uamuzi wa busara.

Kugawa fedha

Kaya iliyotenga shilingi 600,000 isiimalize yote kwenye mashine. Ni vyema kiasi kisichozidi shilingi 450,000 kiende kwenye kompyuta, na kinachobaki kigharimie UPS au betri mbadala, flashi ya kuhifadhia nakala, na bando la mwezi wa kwanza. Intaneti ya simu inaweza kugawiwa kwa kompyuta, lakini masasisho ya Windows humaliza bando kwa haraka. Mtumiaji aiweke kompyuta katika mpangilio wa intaneti yenye kipimo ili masasisho makubwa yasubiri idhini yake.

Kabla ya kulipa

Mnunuzi wa kompyuta iliyotumika aombe kuiona ikiwaka, na afanye yafuatayo:

1. Aizime na kuiwasha upya mwenyewe, ahakikishe haidai nywila ya mmiliki wa zamani wala haionyeshi jina la taasisi nyingine.
2. Achomoe chaja ya mpakato na kuitumia kwa nusu saa. Ikizimika au asilimia zikishuka kwa kasi, bei ipunguzwe kulingana na gharama ya betri mpya.
3. Aandike mistari michache akigusa kila herufi ya kibodi, ajaribu kila tundu la USB kwa flashi, na asikilize spika.
4. Atazame nyuma ya kompyuta ya mezani. Baadhi ya mashine za zamani zina swichi ndogo ya kuchagua volti 115 au 230. Umeme wa nyumbani nchini ni wa volti 230. Swichi ikiachwa kwenye 115, mashine huweza kuungua mara tu inapochomekwa.
5. Adai risiti ya EFD na maandishi yanayotaja muda wa dhamana na namba ya utambulisho ya mashine. Risiti ni ushahidi wa bei na pia kinga kwa mnunuzi, iwapo mashine itadaiwa kuwa ya wizi.

Kwa kaya inayohitaji kompyuta mara mbili au tatu kwa mwaka, huduma ya steshenari bado ni nafuu kuliko kununua. Anayeitumia aandike nywila yake mwenyewe badala ya kumtajia mhudumu, atoke kwenye akaunti kabla ya kuondoka, na afute nakala za vyeti vyake zilizobaki kwenye mashine. Kwa kaya yenye mahitaji ya kila siku, majibu ya maswali matatu yaandikwe kwenye karatasi na kubebwa dukani. Muuzaji atakuwa na mengi ya kusifu. Karatasi itamkumbusha mnunuzi alichotoka nyumbani kukifuata.