Chungu cha Krismasi Pwani: Mchele Hungoja, Samaki Hangoji

BAGAMOYO. Wawekezaji wengi wanaijua Mbegani kwa habari za bandari. Makubaliano ya awali ya mradi huo yalitiwa saini mwaka 2013, na mwaka 2019 mazungumzo yakasimama. Lakini Mbegani, iliyo kusini ya mji wa Bagamoyo, jirani na magofu ya Kaole, ina biashara ambayo haikungoja mkataba wa mtu. Biashara hiyo ni samaki. Chuo cha uvuvi cha hapo, kilichokuzwa kwa msaada wa Norway na ambacho leo kiko chini ya Wakala wa Elimu na Mafunzo ya Uvuvi (FETA), kimetoa wataalamu wa bahari kwa miaka mingi.

Kila inapokaribia sikukuu ya Krismasi, wachuuzi wa ukanda huu hujiuliza swali moja: mtaji mdogo uwekwe kwenye bidhaa ipi? Wengi hutazama tarehe 25 Desemba peke yake na kununua kila kitu wiki ya mwisho, bei ikiwa juu. Ukurasa huu unashauri njia nyingine. Kwanza tenganisha bidhaa zinazoweza kungoja na zile zisizongoja. Faida ya sikukuu hukaa hapo, na hasara pia.

WANUNUZI NI NANI?

Wamisionari Wakatoliki wa Shirika la Roho Mtakatifu walifungua misheni yao Bagamoyo mwaka 1868. Hata hivyo wakazi wengi wa mwambao huu ni Waislamu, na mfanyabiashara asidhani kwamba soko la Krismasi ni la waumini wa kanisani tu. Pilau la Krismasi na pilau la Idi ni pilau lile lile. Sahani hupelekwa kwa jirani, na jirani naye hurudisha siku yake ikifika. Ndiyo maana familia nyingi za Kikristo humwita Mwislamu awachinjie kuku au mbuzi, ili mgeni yeyote ale bila wasiwasi. Anayepika kwa ajili ya watu 6 wa nyumbani hununua chakula cha watu 10 au zaidi.

Kalenda nayo ina neno. Mwaka 2000 Idi el Fitri ilikuja siku chache tu baada ya Krismasi, na mahitaji ya sikukuu mbili yakaingia sokoni wiki moja. Kwa hesabu ya mwaka wa Kiislamu, jambo kama hilo linatazamiwa tena Desemba 2033. Mwenye duka la nafaka na aliandike.

CHUNGU CHENYEWE

Mlo wa kawaida wa sikukuu nyumbani ni wa namna mbili. Wa kwanza ni pilau la nyama: kilo 1 ya mchele, kilo 1 ya nyama, vitunguu maji 4 au 5, viazi, kitunguu saumu, tangawizi na viungo vizima. Wa pili, ambao ndio fahari ya pwani, ni wali wa nazi na samaki wa kupaka.

Kwa wali wa kilo 1 ya mchele, mpishi hukuna nazi 2 kubwa. Tui la kwanza, yaani kasimele, huwekwa kando. Tui jepesi ndilo linalopikia wali, na kasimele kidogo humiminwa mwishoni kabla ya kufunika na kupalia makaa.

Samaki hupakwa chumvi, ndimu, kitunguu saumu, tangawizi na pilipili, akaachwa kiasi cha saa 1, kisha akachomwa juu ya makaa mpaka akauke vizuri. Kasimele iliyobaki huchemshwa taratibu pamoja na bizari na maji ya ukwaju, huku ikikorogwa isikatike. Ikishakuwa nzito hupakwa juu ya samaki, ambaye hurudishwa kwenye makaa dakika chache. Changu, kolekole na nguru wote wanafaa. Mama wa nyumbani asiyeweza kumudu nguru anapata ladha ile ile kwa vibua, maana kazi kubwa inafanywa na tui.

BIDHAA ZINAZONGOJA

Mchele. Mpunga mwingi wa Tanzania huvunwa kati ya Mei na Julai. Desemba ni mbali na mavuno, na kwa kawaida bei huendelea kuwa juu hadi mpunga mpya uingie. Anayenunua mchele wa Kyela, Kilombero au Shinyanga mapema baada ya mavuno, akauhifadhi pakavu juu ya mbao na mbali na ukuta, hana haja ya kugombana na mtu wiki ya Krismasi. Gunia lisipokwisha tarehe 25, litauzwa Januari.

Viungo. Karafuu hutoka Pemba na Unguja. Hiliki, mdalasini na pilipili manga hutoka milima ya Usambara ya Mashariki na visiwani. Lakini binzari nyembamba, ambayo bila hiyo pilau si pilau, kwa sehemu kubwa hutoka India. Mwaka 2023 bei ya binzari katika jimbo la Gujarat ilivunja rekodi, na muuza viungo wa hapa aliyezoea kununua kidogo kidogo aliumia. Viungo vizima vikifungwa vizuri hukaa miezi mingi. Vilivyosagwa hupoteza harufu upesi. Kwa hiyo nunua vizima mapema, usage karibu na sikukuu.

Nazi. Minazi huanguliwa kila baada ya miezi 3 hivi, na nazi isiyofuliwa hukaa wiki kadhaa bila kuharibika. Iliyokwisha kukunwa haivuki siku. Anayeuza nazi ya kukuna kwa wapishi wa mjini akune kwa oda tu.

Unga wa ngano na mafuta ya kula. Hizi ni bidhaa za chapati na maandazi, na nchi hutegemea sana meli kuzipata. Wafanyabiashara wa umri mkubwa wanakumbuka miaka ya kabla ya 1984, sukari na unga vilipopatikana kwa foleni. Tangu milango ya uagizaji ilipoanza kufunguliwa mwaka huo, bidhaa zipo, lakini bei husikiliza mambo ya mbali, kama ilivyoonekana mwaka 2022 vita vya Ukraine vilipoanza.

SAMAKI HUFUATA MWEZI

Hapa ndipo wageni wa biashara hii hupotea. Desemba upepo wa kaskazi huwa umeanza, na bahari kwa kawaida ni nafuu kuliko wakati wa kusi. Lakini wavuvi wa usiku wanaovua dagaa na vibua kwa taa hutegemea giza. Mbalamwezi ikiwa kali, samaki hawakusanyiki kwenye taa, na vyombo vingi hupumzika.

Mwaka 2015 mwezi ulikuwa mpevu siku yenyewe ya Krismasi. Mwaka 2024 mwezi mpya ulikuwa tarehe 30 Desemba, kwa hiyo wiki ya sikukuu ilikuwa na giza la kutosha. Mwezi mpevu wa Desemba 2026 ni wa tarehe 24. Mnunuzi anayetegemea vibua mwaka wa namna hiyo ajue kwamba mnadani atakuta watu wengi na ndoo chache.

Mwezi mpevu hata hivyo huja na bamvua. Maji hukupwa mbali, miamba huwa wazi, na waokota pweza hupata riziki. Mwenye kujua hili hubadili bidhaa: pweza wa nazi badala ya vibua wa kupaka. Kamba nao, ambao wengi huwaulizia Bagamoyo, wingi wao ni wakati wa masika, mito ya Ruvu na Wami inapojaa. Kamba wa Krismasi ni bidhaa ya mwenye fedha. Usinunue wengi bila oda.

HESABU YA KILO 40

Tuchukue mfano. Bei hizi ni za kuonyesha hesabu tu, si bei za soko. Mchuuzi ananunua mnadani kilo 40 za samaki kwa Sh. 8,000 kila kilo, jumla Sh. 320,000. Barafu na nauli ni Sh. 40,000. Mtaji uliotoka ni Sh. 360,000. Akiuza kilo zote kwa Sh. 11,000 anapata Sh. 440,000, faida Sh. 80,000.

Sasa kilo 8 zikaharibika. Anauza kilo 32, anapata Sh. 352,000. Faida yote imekwenda na mtaji umepungua kwa Sh. 8,000. Fungu moja kati ya matano limetosha kumla.

Kinga yake ni barafu. Katika joto la pwani, kanuni ni kilo 1 ya barafu kwa kilo 1 ya samaki, ikipangwa tabaka kwa tabaka ndani ya sanduku lenye kifuniko na tundu la kutolea maji. Wachuuzi wengi hupunguza barafu ili kuokoa fedha kidogo, wakapoteza nyingi. Samaki anayeonekana hatauzika ifikapo alasiri akaangwe au akaushwe siku hiyo hiyo, angali mzima. Akishalegea, mafuta ya kukaangia nayo yatakuwa hasara.

USHAURI WA WIKI

Mchele na viungo vinunuliwe kabla Desemba haijaanza. Nazi na vitunguu viingie wiki ya pili au ya tatu ya mwezi. Samaki anunuliwe kwa oda zilizokwisha kulipiwa nusu, tarehe 23 na 24, baada ya kutazama mwezi uko wapi. Mwenye mtaji wa Sh. 400,000 asiweke zaidi ya nusu kwenye bidhaa inayooza.

Sababu ni Januari. Shule hufunguliwa, na hata baada ya ada kufutwa hadi kidato cha nne tangu mwaka 2016, sare, madaftari na nauli bado vinataka fedha taslimu. Mchele uliobaki tarehe 26 Desemba utageuzwa kuwa sare ya mtoto. Samaki aliyebaki hatageuzwa kuwa kitu.