Primi iko wapi? Kweli na uongo kuhusu fedha za hospitali Bukavu

Mwisho wa mwezi ukikaribia, vituo vya afya vya Bukavu, mji wa mkoa wa Kivu Kusini nchini Kongo, huwa na swali moja tu, kuanzia maabara hadi kwa mlinzi wa getini: "Docta, primi iko ngapi?" Ni nadra kumsikia mtu akiulizia mshahara. Primi ni fungu linalobaki katika pesa za wagonjwa baada ya kutolewa dawa, mafuta ya jenereta na madeni, kisha likagawanywa kwa wafanyakazi. Mwezi mzuri linalipa pango na unga. Mwezi mbaya halifiki hata minervali, yaani ada ya shule, ya mtoto mmoja.

Kuhusu fungu hili yamezuka maneno mengi, na mengine yanaaminiwa na wakubwa wenyewe.

"Muuguzi wa hospitali ya serikali hulipwa na serikali."

Kwa wengi, uongo. Serikali ina malipo yake mawili, mshahara na primi ya hatari, lakini ili uyapate lazima jina lako liwe kwenye orodha ya malipo ya Kinshasa. Kuna wanaongoja miaka, na katika makaratasi bado wanaitwa "wapya" hata kama wameota mvi kazini. Chama cha madaktari, SYNAMED, kimegoma zaidi ya mara moja kwa mambo ya namna hii. Katikati ya hayo yote, anayemlisha muuguzi ni mgonjwa, na mgonjwa wa mitaa kama Kadutu au Bagira mara nyingi hana kitu. Mkuu wa hospitali anayepanga bei ya kujifungua, kwa hiyo, anapanga pia chakula cha mkunga. Ukisahau hilo, mengine yote utayaelewa vibaya.

"Hii ni kazi ya wito. Watavumilia."

Uongo wenye punje ya kweli, na ndiyo maana ni hatari. Punje hiyo ni hii: tarehe 6 Oktoba 1996 hospitali ya Lemera, kusini mwa Bukavu, ilishambuliwa. Wagonjwa na wahudumu wakauawa. Daktari wake mkuu alikuwa Denis Mukwege. Mwaka 1999 hospitali ya Panzi ilianza kazi chini yake, na mwaka 2018 akapewa Tuzo ya Nobel ya Amani pamoja na Nadia Murad. Hakuna mtu Kivu Kusini anayehitaji kufundishwa wito ni nini. Lakini mkuu anayeutaja wito kila mkutano, wakati yeye mwenyewe gari lake halikosi mafuta, anakula akiba asiyoiweka.

Na uvumilivu ukiisha, Mkongo ana Sheria ya 15, ile isiyoandikwa popote na inayojulikana na wote: jitafutieni. Muuguzi anafungua kiduka cha dawa karibu na kwake, na wagonjwa wa zamu yake wanaelekezwa huko. Wa maabara anapokea pesa mkononi bila risiti. Fungu la pamoja linazidi kuwa dogo, na wale waliobaki waaminifu ndio wanaoumia.

"Mambo ya fedha yabaki ofisini. Ukiyatangaza utawatia watu hofu."

Uongo, na kwa maoni yangu ndio mkubwa kuliko wote.

Chukua mfano wa kubuni. Kituo kimeingiza dola 2,000 mwezi huu. Dawa 700, mafuta 150, mchango wa ofisi ya zoni ya afya 100, deni la muuza vitendanishi 200. Zinabaki 850. Wafanyakazi wana pointi kulingana na cheo na siku walizofika. Zikijumlishwa zinafika 100, kwa hiyo pointi moja ni dola 8.50. Mfagiaji mwenye pointi 3 anapata 25.50. Daktari mwenye 12 anapata 102. Hesabu hii inaenea kwenye karatasi moja.

Sasa ibandike ukutani karibu na chumba cha zamu, halafu ukae usikilize. Watalalamika, ndiyo. Mfagiaji ataiona ile 102 na kuguna. Mwingine atauliza kwa nini mafuta ni 150 wakati jenereta ilikuwa imeharibika wiki nzima, na hilo ni swali zuri ambalo mhasibu anapaswa kulijibu mbele ya watu. Lakini wanalalamikia namba iliyopo. Ifiche karatasi hiyohiyo kwenye droo, na kufikia Ijumaa daktari "amechukua 500" na mkurugenzi "anajenga nyumba mtaani Muhungu". Uvumi hauna risiti, kwa hiyo huwezi kuukagua.

Mficha uchi hazai. Hospitali yenye deni inayojifanya haina deni haipati mtu wa kuisaidia kubana matumizi, kwa sababu hakuna anayejua kuna cha kubana. Mfamasia anayejua kituo kina deni la 200 atakuwa wa kwanza kusema dawa gani imekaa mwaka mzima bila kutumika. Asipoambiwa, ataagiza nyingine.

Kuna sharti moja hapa. Ukishaanza kubandika, usiruke mwezi. Mwezi utakaouruka ndio huohuo watakaosema pesa zimeliwa.

"Malipo kwa matokeo huinua ari."

Nusu kweli. Kivu Kusini imelijaribu jambo hili mapema, kupitia shirika la Kiholanzi la Cordaid. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011 ulilinganisha maeneo yaliyolipwa kwa kazi iliyoonekana na mengine yaliyopata msaada wa kawaida, kati ya 2005 na 2008. Ya kwanza yalipata takriban dola 2 kwa kila mkazi kwa mwaka, ya pili dola 9 hadi 12, na huduma za yale ya kwanza hazikuwa nyuma. Hayo si madogo.

Lakini kule Haut-Katanga, mkoa mwingine wa Kongo, jaribio lingine lilitoa picha tofauti. Wahudumu walijituma zaidi, wakapunguza hata bei ili kuvuta watu, ila wagonjwa hawakuongezeka. Malipo yalipoondolewa, mambo yakaharibika. Aliyezoeshwa kuhesabiwa kila sindano, siku hesabu inapokoma anauliza sindano hii ni ya nani. Basi kabla ya kuupokea mradi wa aina hii, mkuu aulize utaisha lini, na awaambie wenzake tarehe hiyo siku ya kwanza.

"Benki zikifungwa, mkuu hana la kufanya."

Uongo. Februari 2025 waasi wa M23 waliingia Bukavu, wiki chache baada ya mji wa Goma kuanguka. Benki zikafunga milango, uwanja wa ndege wa Kavumu ukafungwa. Majuma hayohayo Marekani, iliyokuwa imetoa takriban asilimia 70 ya fedha za misaada ya kibinadamu nchini Kongo mwaka 2024, ilikuwa imesimamisha misaada yake. Mwenye pesa kwenye akaunti akawa sawa na asiye nazo. Aliyetumiwa kwa simu, wakala akakata fungu lake kwanza.

Hapo mkuu hawezi kufungua benki. Anaweza kugawa kilichomo katika kasha kila Jumamosi badala ya kungoja mwisho wa mwezi, kwa sababu mwenye njaa hasubiri tarehe 30. Anaweza kuanza na wa chini, kisha wakubwa wachukue kilichobaki, wote wakiona. Anaweza kupanga zamu ili anayekaa mbali asipite barabarani usiku. Na anaweza kusema "sijui lini benki itafunguliwa", sentensi ambayo wakubwa wengi huiogopa kuliko risasi.

"Mgonjwa asiyelipa asitoke, la sivyo sisi tutakula nini?"

Uongo, ingawa nauelewa. Katika hospitali nyingi za Kongo mama aliyejifungua kwa upasuaji huruhusiwa na daktari Jumatatu, na Jumatatu inayofuata bado yuko palepale na mtoto wake, akingoja bili ilipwe. Mlinzi amegeuka askari jela. Muuguzi aliyemshika mkono usiku ule wa uchungu sasa anapita kumhesabu asitoroke. Kitanda hakiingizi chochote. Chakula kinaletwa na ndugu zake, na hao ndugu, wakirudi nyumbani jioni kwa teksi, wanasimulia kila kitu, na katika kiti cha nyuma kuna mjamzito anayesikiliza.