Redio ya Kusema na Kusikia: Je, Kikundi Chaweza Kuijenga?



Tumeulizwa mara nyingi, hasa na vikundi vya vijana: "Je, sisi wenyewe twaweza kujenga redio ya kusema na kusikia, kama ile iliyokuwa misheni zamani?" Swali hili lilirudi kwa nguvu baada ya mvua ya Machi hadi Mei 2024, mafuriko yalipoua watu zaidi ya 200 katika nchi yetu na kukata barabara. Stima ikipotea siku nyingi, betri za simu huisha, na mnara wenyewe waweza kunyamaza. Hapo ndipo mtu hukumbuka redio ya misheni iliyofanya kazi kwa betri ya gari na waya uliotundikwa mitini.

Jibu letu ni ndiyo, mikono yenu yaweza. Lakini si kazi ya kukimbilia. Tulikaa na kikundi kimoja cha vijana katika karakana ya parokia, tukajenga redio moja kutoka seti ya vipuri. Tunawaeleza tulivyofanya, pamoja na pale tulipojikwaa.

SHERIA KWANZA

Kabla ya kununua hata skrubu moja, jueni hili. Redio za kujijengea ni za watu wanaoitwa maredio amacha, yaani wanaojifunza ufundi wa redio bila kutafuta faida. Hapa kwetu leseni hutolewa na Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya, na mwenye leseni hupewa jina la kituo chake. Majina mengi ya Kenya huanza kwa 5Z4. Kurusha sauti hewani bila leseni ni kosa, hata kama nia yako ni njema.

Tena redio hii si ya biashara. Huwezi kuitumia kuuliza bei ya nyanya sokoni au kuita lori la mahindi. Kama kikundi kinataka redio ya kazi za kila siku, leseni yake ni nyingine, na ni afadhali kuuliza Mamlaka mapema. Redio ya amacha ni shule ya ufundi. Wakati wa janga, watu waliokwisha kujifunza kwa redio hizi husaidia kupitisha habari. Asiyejifunza wakati wa amani hataweza siku ya mafuriko.

Katika karakana yetu alikuwapo mwalimu mmoja mwenye leseni. Yeye peke yake ndiye aliyebonyeza swichi ya kusema.

MPANGO ULIOTOKA INDIA

Tulifuata mpango unaoitwa BITX. Uliandikwa mwaka 2003 na Ashhar Farhan wa Hyderabad, India, ambaye jina la kituo chake ni VU2ESE. Farhan alitaka redio ambayo mtu wa kawaida katika nchi maskini angeweza kuijenga kwa vipuri vinavyopatikana dukani kwao. Mahali ambapo wengine walitumia pete maalumu za kusokotea koili, ambazo ni shida kupata, yeye alisokota koili zake juu ya washa za mfereji wa maji! Transista zake nyingi ni za aina rahisi kabisa.

Baadaye, mwaka 2016, alitoa BITX40, ambayo ubao wake ulikuja ukiwa umekwisha kuchomelewa. Kazi ya kusokota koili na kuunganisha ilifanywa na kinamama waliofunzwa kazi hiyo huko kwao. Tunawatajia hili makusudi, kwa sababu tumesikia wazee fulani wakisema ati mambo ya redio si ya wanawake.

NDANI YAKE KUNA NINI?

Redio hii ina kazi mbili: kupokea na kurusha. Farhan alitumia vikuza-sauti vinavyopitisha mawimbi pande zote mbili. Fikirieni daraja jembamba la gari moja. Magari ya upande huu yakipita, ya upande ule husubiri. Ndiyo maana anayezungumza kwa redio husema "ova" akimaliza, ili mwenzake apate daraja.

Sehemu kubwa ni hizi:

1. Kisukumo, kinachotengeneza wimbi la kuchagua mahali pa kusikiliza.
2. Kichanganyaji, kinachochanganya wimbi hilo na lile la kutoka kwenye antena.
3. Chujio la kristali. Kama chekeche la unga, hupitisha sauti moja na kuzuia zile za jirani.
4. Kikuza-sauti cha spika.
5. Transista ya mwisho, aina ya IRF510, inayosukuma nguvu hadi kwenye antena.

Nguvu yake ni wati 6 hivi, sawa na balbu ndogo ya pembeni ya gari. Msiidharau. Yetu ilikuwa ya megahezi 7. Mawimbi hayo hupanda juu, hugonga tabaka la hewa lenye umeme, kisha hurudi chini. Kwa njia hii, mchana hali ikiwa nzuri, mtu huweza kuzungumza na mwingine aliye mbali kilomita mia kadhaa, ng'ambo ya milima, bila mnara wowote katikati.

TULIVYOJENGA

Siku ya kwanza hatukuwasha chuma cha solda kabisa. Tulitandaza kitambaa cheupe mezani, tukahesabu kila kipuri na kukiweka alama katika orodha. Rezista husomwa kwa mistari ya rangi: kahawia, nyeusi na nyekundu ni omu 1,000. Wawili wasome, wakubaliane, ndipo waandike. Kwa taa hafifu nyekundu hufanana na rangi ya machungwa.

Siku ya pili tulijifunza kuchomelea kwa vipande vya waya vya kutupa. Pasha moto waya na ubao kwanza, kisha gusisha risasi hapo. Ikiyeyuka na kutambaa ikang'aa, imeshika. Ikikaa kama tone la uji baridi, haijashika, rudia. Fanyeni kazi mahali penye hewa, msivute moshi, na mnawe mikono kabla ya kula, kwa maana risasi ni sumu. Watoto wasikaribie.

Baada ya hapo tulijenga sehemu moja kwa wakati. Tulianza na njia ya umeme na fiuzi. Tukapima. Kisha kikuza-sauti cha spika. Tukagusa mahali pa kuingilia kwa kidole, spika ikanguruma. Kisha kisukumo. Kisha kichanganyaji na chujio. Hakuna sehemu iliyoanzwa kabla ile ya nyuma kupimwa na kuandikwa daftarini. Kikundi kikijenga yote kwa mkupuo halafu redio inyamaze, mtatafuta kosa kati ya mamia ya viungo. Mkipima kila hatua, kosa liko katika viungo vichache vya jana.

Koili ndizo zilizotusumbua. Jueni kwamba waya ukipita ndani ya pete mara moja, huo ni mzunguko mmoja tayari. Hesabuni kwa ndani, si kwa nje. Tena waya wa koili umepakwa rangi isiyopitisha umeme. Kwangueni ncha zake hadi shaba ionekane. Redio yetu ilikaa kimya jioni nzima kwa sababu ya ncha moja isiyokwanguliwa. Ilipokwanguliwa, tulisikia sauti za watu wa mbali, hafifu, zikipanda na kushuka. Vijana waliruka kama siku ya mpira.

KIPANDE KIDOGO KILICHOTUPWA

Sehemu ya kurusha tuliiacha mwisho. Tulipoiwasha mara ya kwanza, fiuzi ilikatika. Tukaweka nyingine, ikakatika. Siku tatu tulitafuta. Tulichomoa transista, tukapima, tukarudisha. Koili moja iliungua. Mama mweka hazina, ambaye alikuwa ametoa pesa kutoka kwa akiba ya kikundi, alisimama mlangoni akauliza, "Hizi pesa za watu zitaungua hivi mpaka lini?" Hakuna aliyemjibu. Wengine walianza kusema heri tungenunua kuku.

Siku ya nne kijana mmoja alibaki nyuma wenzake walipotoka. Akamwambia, "Mama, ni mimi." Siku ile ya kuhesabu vipuri aliona kipande chembamba kama ganda la kitunguu kikavu. Akadhani ni takataka ya kufungia, akakitupa. Baadaye alikiona katika orodha, akaogopa, akakiwekea alama kwamba kipo.

Kile kipande kilikuwa maika. Mgongo wa chuma wa transista ya IRF510 una umeme ndani yake. Ukiubana moja kwa moja kwenye boksi la bati ili upoe, umeme wote hukimbilia kwenye bati. Maika hukaa katikati: hupitisha joto, huzuia umeme. Bila hiyo, lazima fiuzi ikatike.

Tulipata maika nyingine kwa fundi wa redio pale sokoni, aliyeichomoa kwenye kikuza-sauti kibovu. Ilitugharimu kidogo sana. Fiuzi nayo ilikuwa imeiokoa ile transista. Kilichotugharimu zaidi ni ukimya wa siku tatu na alama moja ya uongo katika orodha. Mama hakumfukuza. Alimwambia, "Kesho wewe ndiwe utashika daftari." Na kweli tangu hapo hakuna alama iliyoandikwa bila mtu wa pili kuona.

KUPIMA NA ANTENA

Msibonyeze swichi ya kusema bila kitu cha kupokea ile nguvu. Kwa kupima, tulichukua rezista 20 za kaboni, kila moja omu 1,000 na nusu wati, tukaziunganisha sambamba. Zote pamoja ni omu 50 na wati 10, zinatosha kwa wati zetu 6. Hivyo nguvu inakuwa joto na haisumbui mtu hewani.

Antena yetu ni waya wa shaba wenye pande mbili, kila upande mita 10 hivi, umefungwa kati ya miti miwili. Usitundikwe kamwe karibu na nyaya za stima. Ngurumo zikianza, chomoeni antena, muitoe nje ya nyumba.

Mwalimu alipoita kwa mara ya kwanza kwa redio ile, hakujibiwa. Alirudia kesho yake asubuhi, akajibiwa. Tulikuwa wengi chumbani, hakuna aliyekohoa.

TUNAWASHAURI

Anzeni na mwenye leseni, hata kama ni mmoja tu. Wekeni pesa za redio kando na akiba ya mikopo, na mjue zaweza kupotea. Nunueni fiuzi za ziada. Pimeni kila hatua. Zaidi ya yote, mtu akikosea aweze kusema siku ileile bila kuogopa kuchekwa, kwa sababu kosa lililofichwa huunguza vitu vya watu wote.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Barabara na simu zikikatika leo, nani kijijini kwetu angepeleka habari, na kwa njia gani?
2. Katika kikundi chetu, mtu akiharibu kitu cha wote, husema mara moja au huficha? Kwa nini?
3. Ni kazi gani yetu, iwe bwawa, kisima au duka, ambayo tuliijenga bila kupima hatua kwa hatua?

Mungu azibariki kazi za mikono yenu.