Soko la kubashiri Raisi: bei ya tiketi inasema nini, na nini haisemi

Huku Piana-Mwanga, kama kwengine mu jimbo la Tanganyika, habari ya uchaguzi inafikaka kwanza kwa redio, kisha kwa wa-motari wenye kutoka Kalemie, na siku hizi kwa telefone. Mara ingine ni picha tu: jina la kandidati, na kando yake namba, 62 kwa mia. Mwenye kuituma anasema: «Angalia, kule Ulaya na Marekani wamekwisha kujua nani atapita.» Wengine wanafurahi, wengine wanakasirika, na kura yenyewe bado haijapigwa.

Namba ya namna ile mara nyingi haitoke kwa tume ya uchaguzi wala kwa watu waliopita wakiuliza maoni nyumba kwa nyumba. Inatoka mu soko la kubashiri. Ni soko la kweli, na feza za kweli. Ni vizuri kila mwananchi ajue vile linatembea, kwa sababu mu inchi yetu namba moja ya uongo inaweza kutosha kuleta vita mu kartie.

Tiketi ya dola moja

Soko linauliza swali moja: je, kandidati fulani atakuwa Raisi? Tiketi ya «ndiyo» italipa dola 1 kama anashinda, na haitalipa kitu kama anashindwa. Kati ya leo na siku ya matokeo, watu wanauziana tiketi hiyo. Kama inauzwa senti 60, maana yake wanunuzi kwa jumla wanaona nafasi yake ni karibu 60 kwa mia. Anayenunua kwa senti 60 atapata faida ya senti 40 akiwa sawa, na atapoteza senti zake zote 60 akikosea.

Wauzaji wa ndakala wa Kalemie wanajua kazi hii bila kuisomea. Mwezi ukiwa mzima, taa za wavuvi hazivute samaki vizuri, na mitumbwi inarudi nyepesi. Mama anayeona mwezi unakuwa mkubwa anapandisha bei mbele ya mitumbwi kurudi. Hakuna aliyetangaza kitu, lakini bei imekwisha kusema: samaki watakuwa kidogo. Soko la kubashiri linafanya vile vile, ila kinachouzwa njo jibu la swali.

Tofauti na pari foot ambayo vijana wanaizoea ni hii: kwa pari foot, mwenye nyumba ya pari njo anapanga kiasi atakacholipa. Mu soko la kubashiri, watu wanauziana wao kwa wao, na unaweza kuuza tiketi yako mbele ya matokeo, bei ikipanda ao ikishuka. Lakini feza unayokula inatoka mu mfuko wa mtu mwingine aliyepoteza. Hakuna mali mupya inayozaliwa pale.

Sababu ya watu kuliamini

Mwaka 1906, pa maonyesho ya wakulima kule Plymouth, Uingereza, watu walilipa wabahatishe uzito wa ng'ombe mmoja mukubwa. Mwanasayansi Francis Galton alikusanya karatasi 787. Aliposhika wastani wa majibu yote alipata ratili 1197. Uzito wa kweli ulikuwa ratili 1198, karibu kilo 543. Wengi walikosea, lakini makosa ya wale waliozidisha yalifutana na makosa ya wale waliopunguza.

Chuo kikuu cha Iowa, Marekani, kilichukua wazo la namna hiyo mu mwaka 1988, kikafungua soko dogo la kubashiri uchaguzi wa Raisi. Mtu hakuruhusiwa kuweka zaidi ya dola 500. Kwa miaka mingi bei zake zilikaribia matokeo vizuri, mara nyingi kuliko uchunguzi wa maoni. Sababu ni nyepesi: anayeulizwa maoni anaweza kujibu ili amfurahishe muulizaji, lakini anayetoa feza yake anafikiri mara mbili.

Lakini soko linakosea pia. Mwaka 2016 masoko yalimupa Hillary Clinton nafasi kubwa sana, akashinda Donald Trump. Hapa inafaa kuelewa hesabu: 80 kwa mia si ahadi. Ni kama kusema mara 2 kwa 10 itakuwa kinyume. Uchunguzi wa maoni nao hausalimike: Kenya, mwaka 2022, chunguzi nyingi za mwisho zilimuweka Raila Odinga mbele, lakini William Ruto akatangazwa na 50.49 kwa mia, Odinga 48.85.

Mwenye feza nyingi ana sauti kubwa

Mu uchaguzi wa Marekani wa 2024, zaidi ya dola miliari 3 zilichezwa kwa swali moja tu pa soko la intaneti linaloitwa Polymarket. Mfaransa mmoja, kwa kutumia akaunti mbalimbali, aliweka zaidi ya dola milioni 30 kwa Trump. Watu walijiuliza kama anataka kupandisha bei ili Trump aonekane mwenye nguvu. Yeye alieleza kwamba alilipia uchunguzi wake mwenyewe, ambamo watu hawakuulizwa wao watachagua nani, ila jirani zao watachagua nani. Alikuwa sawa, na alipata karibu dola milioni 85.

Kisa hiki kina pande mbili. Mwenye habari nzuri anaileta mu bei, na hiyo ni faida ya soko. Lakini mu soko mtu mmoja hana sauti moja kama pa sanduku la kura. Mwenye milioni anasukuma namba kuliko maelfu wenye dola tano tano. Na kama swali ni juu ya Kongo, wenye dola za kuweka ku intaneti wengi wako mbali. Mama wa soko la Kalemie, anayesikia kila siku watu wanasema nini juu ya bei ya unga na usalama wa barabara, hayumo mu bei ile.

Mfano wa 2018

Kuna jambo lingine, na kwetu njo lenye uzito zaidi. Soko halilipe aliyechaguliwa. Linalipa aliyetangazwa.

Wakongomani wanakumbuka. Tarehe 28 Desemba 2018, siku mbili mbele ya kura, uchunguzi wa BERCI na Kundi la Utafiti juu ya Kongo ulimupa Martin Fayulu 47 kwa mia, Félix Tshisekedi 24, Emmanuel Ramazani Shadary 19. Kura ikapigwa tarehe 30. Kesho yake intaneti ikakatwa, kwa karibu siku 20. Beni, Butembo na Yumbi hawakuchagua siku ile. Ni zaidi ya wapigakura milioni moja, na kura yao ilifika mwezi wa 3 mwaka 2019, Raisi akiwa amekwisha kuapishwa.

Tarehe 10 Januari 2019, CENI ilitangaza Tshisekedi 38.57 kwa mia, Fayulu 34.83, Shadary 23.84. Kanisa Katoliki, lililokuwa na waangalizi karibu 40,000, likasema matokeo hayo hayalingane na hesabu zake. Gazeti la Financial Times likachapisha hesabu zilizovuja, zikimuonyesha Fayulu karibu 59 kwa mia. Korti ya Katiba ikakataa malalamiko yake, na Tshisekedi akaapishwa tarehe 24 Januari.

Mtu angekuwa na tiketi ya Fayulu, angepoteza, hata awe alisoma vizuri moyo wa wapigakura. Mwenye akili ya biashara angejiuliza kitu kingine: ni nani anashika CENI, ni nani anashika korti? Kwa hiyo, pale watu hawapatane juu ya hesabu, bei ya soko inaonyesha nguvu ya wakubwa zaidi kuliko mapenzi ya raia. Mwenye kusema «soko limekwisha kujua nani raia wanapenda» anachanganya mambo mawili.

Ukipokea namba ku telefone

Mbele ya kuituma kwa wengine, uliza maswali manne. Je, namba hii inatoka mu soko, mu uchunguzi wa maoni, ao mu hesabu ya kura? Ni watu wangapi wameweka feza, na je, mmoja wao ni mukubwa kuliko wote? Ni ya siku gani, kwa sababu bei inabadilika kila saa? Na mwisho: nani ataamua jibu? Namba isiyojibu maswali haya, iache ikae kwako.

Kwa kijana anayefikiri kuweka feza ya karo ao ya dawa, jibu ni fupi: pale anacheza na watu wenye habari na mali kumuzidi.

Siku ya kura kuna namba nyingine, isiyouzwa. Kila biro ya kura, kisha kuhesabu, inapashwa kubandika matokeo yake pa mulango. Anayeweza kusoma aisome kwa sauti, mwingine aandike. Mwaka 2018, hesabu za namna ile, zilizokusanywa biro kwa biro, njo ziliwapa maaskofu nguvu ya kusema. Hakuna bei ya tiketi iliyoweza kufanya kazi ile.