Moshi ya jikoni na moshi ya barabarani: juu ya nini mtu mmoja hawezi kuimaliza peke yake

Saa kumi na mbili ya asubuhi, pita katika kartie yoyote ya Goma, Bukavu ao Bunia. Mbabula zinawashwa mbele ya mlango, piki-piki zinaanza kunguruma, mwenye duka anawasha jenereta. Kila mtu anatoa moshi yake kidogo, lakini hewa tunayovuta ni moja. Je, nani anaweza kuisafisha? Ili kupata jibu, tuanze na kitu ambacho wengi wetu tulikivuta bila kujua: risasi ndani ya esansi.

Risasi ilifika namna gani ndani ya esansi?

Tangu miaka ya 1920, kampuni za mafuta zilikuwa zinachanganya esansi na dawa yenye madini ya risasi ili injini isigonge-gonge. Ilikuwa njia ya bei rahisi. Lakini ile risasi haikubaki ndani ya injini. Ilitoka pamoja na moshi, ikaanguka barabarani na kuingia katika mapafu na damu. Mtoto ndiye anaumia zaidi, kwa sababu risasi inaharibu ubongo wake unaokua. Anaonekana mzima, lakini masomo yanamshinda.

Juu ya nini haikuondolewa haraka?

Kila mmoja alikuwa anamngojea mwenzake. Watengenezaji wa magari walikuwa na kifaa cha kusafisha moshi, kinachoitwa katalizeri, lakini risasi inakiharibu. Kwa hiyo hakikuweza kufanya kazi mahali ambapo esansi ilikuwa bado na risasi. Kampuni za mafuta nazo hazikutaka kuingia gharama kama nchi jirani haibadiliki. Na nchi kama yetu ingefanya nini peke yake? Sehemu kubwa ya mafuta ya mashariki mwa Congo inapitia bandari za Mombasa na Dar es Salaam, kiisha inavuka mipaka. Hata yule kadafi wa pembeni ya barabara, na bidoni zake, anauza tu kile kilichofika.

Njo maana ilibidi wakae pamoja. Mwezi wa sita 2001, nchi za Afrika zilikutana Dakar na kukubaliana kuacha esansi yenye risasi. Mwaka 2002, kule Johannesburg, serikali, kampuni za mafuta, watengenezaji wa magari, mashirika ya raia na Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira waliunda ushirika mmoja juu ya mafuta na magari safi. Wakaweka tarehe moja kwa wote. Kuanzia Januari 2006, Afrika yote ya kusini mwa Sahara ilikuwa imeacha esansi ya risasi. Nchi ya mwisho duniani, Algeria, iliacha mwezi wa saba 2021. Shirika lile la Mazingira linahesabu kwamba hatua hiyo inaepusha vifo zaidi ya milioni 1.2 kila mwaka.

Na jikoni je?

Hapo kazi ingali kubwa. Shirika la Afya Ulimwenguni (OMS) linasema kwamba mwaka 2020 moshi ya ndani ya nyumba iliua watu karibu milioni 3.2 duniani. Zaidi ya 237,000 kati yao walikuwa watoto wenye chini ya miaka mitano. Wanaovuta zaidi ni wamama na watoto walio mgongoni mwao.

Wengi wanasema: «Makala haina moshi kama kuni, basi haina hatari.» Hapana. Makala inatoa hewa ya sumu, monoksidi ya kaboni, isiyoonekana na isiyo na harufu. Mbabula ikiwaka ndani ya chumba kilichofungwa, watu wanaweza kulala na wasiamke.

Tunaona fundo ni lile lile la esansi. Fundi anaweza kutengeneza mbabula inayokula makala kidogo, lakini mnunuzi anatazama bei ya leo. Umeme wa maji upo: bwawa la Matebe, Rutshuru, lilianza kazi mwaka 2015, na moja ya makusudi yake ni kupunguza ukataji wa miti ya hifadhi ya Virunga. Lakini mama akipata waya bila resho ya umeme, ao resho bila pesa ya umeme, atarudi kwa makala. Wenye umeme, wauzaji wa gesi, mafundi wa mbabula na serikali inayoweka kodi juu ya vyombo hivyo wanapashwa kukubaliana bei na tarehe, sawa walivyofanya wenye mafuta na wenye magari.

Tukingojea, tufanye nini?

Washa mbabula inje, na uiingize ndani tu kama dirisha na mlango viko wazi. Usilale nayo chumbani hata kukiwa baridi. Jenereta ibaki inje, mbali na madirisha. Kuni zikauke vizuri mbele ya kupika. Mtu akiumwa kichwa na kusikia kizunguzungu karibu na moto, mtoe inje haraka na umpeleke kwenye kituo cha afya.

Hayo yanaokoa nyumba yako usiku wa leo. Hewa ya kartie nzima inangojea wale wanaouza moto na wale wanaoweka sheria.